Mlinzi Aliyetoka Zamu na Askari Aliyezidiwa: Asimame au Apite?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa, mlinzi wa kampuni ya binafsi anayelinda bohari moja ya Shimanzi usiku na kuishi Likoni. Anaeleza kwamba asubuhi moja, akitoka zamu pamoja na mwenzake, walipokaribia feri walimkuta askari polisi wa kike akiwa peke yake, amemng'ang'ania kijana aliyesemekana kupora simu. Kijana alikuwa akijitahidi kuchomoka, na watu walikuwa wameanza kujaa. Mlinzi wetu alikuwa amevaa suruali na buti za kampuni, sweta juu ya shati la kazi, na rungu lilikuwa ndani ya mkoba. Alitaka kusimama, lakini mwenzake alimvuta mkono akamwambia ya Kaisari amwachie Kaisari, wakaingia feri. Msimamizi wake alipopata habari alimsifu, ilhali shemeji yake alimwita mwoga. Anauliza mambo matatu: je, sheria ilimtaka asimame? Angesimama akaumia, nani angebeba gharama? Na siku nyingine afanye nini?

Ndugu yangu, nianze na lile linaloonekana kukukosesha usingizi. Kwa maelezo uliyoyatoa, hukuvunja sheria yoyote ya Kenya kwa kupita, na shemeji yako hana msingi wa kisheria wa kukulaumu. Lakini msimamizi wako naye amekosea iwapo amekuambia, kama ulivyoandika, kwamba mlinzi akishatoka zamu mambo ya polisi hayamhusu hata kidogo. Ukweli uko mahali ambapo hakuna kati yao aliyepagusa, na jambo linaloamua ni kama yule askari alikuomba msaada au hakukuomba.

Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, sura ya 75, kifungu cha 42, inasema kwamba kila mtu anawajibika kumsaidia hakimu au afisa wa polisi anayemwomba msaada kwa sababu ya maana, ama katika kumkamata mtu ambaye afisa huyo ana mamlaka ya kumkamata au kumzuia asitoroke, ama katika kuzuia uvunjaji wa amani, ama katika kuzuia uharibifu wa reli, mfereji, simu za waya au mali ya umma. Usishangae kuona mifereji na simu za waya zikitajwa. Kifungu hicho kimefuata karibu neno kwa neno sheria ya India ya mwaka 1898, ambayo Waingereza waliileta huku pamoja na mafundi na makarani wa reli, na India ya wakati huo ilikuwa na mifereji mingi ya kulinda kuliko pwani yetu. Kilichobaki na uhai ni yale maneno mawili, "kila mtu". Hayamtaji mlinzi, wala askari jela, wala muuguzi, wala mwanajeshi aliye likizoni. Muuza madafu aliyekuwa amesimama pale feri alikuwa na wajibu uleule uliokuwa nao wewe, na buti zako za kampuni hazikukuongezea wala kukupunguzia kitu.

Wajibu huo, hata hivyo, hauanzi kwa kuona. Unaanza kwa kuombwa. Askari anapokutazama na kusema "nishikie mkono huu", au anapopaza sauti akisema "nisaidieni, anatoroka", sheria imekwishaamka, na mtu anayejifanya hakusikia anaweza kujikuta mbele ya kifungu cha jumla cha Kanuni ya Adhabu kinachomwadhibu anayekataa makusudi kutekeleza jambo ambalo sheria imemtaka alitekeleze. Kwa vitendo, mashtaka ya namna hiyo hayasikiki katika korti zetu, na singependa ukeshe ukiyaogopa. Katika Uingereza, ambako kukataa kumsaidia konstebo ni kosa la tangu zamani, mahakama ilieleza mwaka 1841 kwamba ni lazima konstebo awe ameshuhudia amani ikivunjwa, awe na haja ya kweli ya kuomba msaada, na aliyeombwa awe amekataa bila kuwa na kikwazo cha mwili au udhuru wa kisheria. Mahakama hiyo iliongeza kwamba si utetezi kusema "msaada wangu peke yangu usingefaa kitu". Jimbo la California nchini Marekani lilikuwa na sheria ya aina hii tangu 1872 na likaifuta mwaka 2019, kwa hoja kwamba si haki kumlazimisha raia asiye na mafunzo wala kinga aingie katika hatari ya mtu mwingine. Sisi hatujaifuta, na mimi binafsi naona ibaki, kwa sababu katika vituo vingi vya polisi vya nchi hii askari hutumwa akiwa mmoja mahali ambapo kwingine wangetumwa wanne.

Hujasema kama yule afande alikuomba. Kama alikuwa kimya, amekaza meno, akipambana na kijana, hukuwa na wajibu wa kisheria. Ulikuwa na hiari tu. Hiari hiyo imo katika kifungu cha 34 cha sheria hiyohiyo, kinachomruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi huweza kulikamatia bila hati, au mtu anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Sheria imetumia neno la ruhusa, si la amri. Na aliyekamata chini ya ruhusa hiyo hutakiwa na kifungu cha 35 kumkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, au kumfikisha katika kituo kilicho karibu kama hakuna polisi aliyepo. Hana ruhusa ya kumhoji, kumfunga kwenye mlingoti, wala kumpiga picha za kumtangaza.

Hapa ndipo walinzi wengi hukosea, nami nimewasikia wakikosea katika mafunzo mengi. Wanadhani kuwa cheti cha mafunzo na kitambulisho cha kampuni vimewapa sehemu ndogo ya mamlaka ya polisi ambayo huenda nao nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 imeweka taratibu za usajili na mafunzo, na inazitaka kampuni zishirikiane na vyombo vya usalama zinapoitwa, lakini kazi ya mlinzi imefungamana na mahali alipopangiwa kulinda. Ukishavuka geti la bohari na kutia sahihi daftari la kutoka, wewe ni mwananchi kama mwingine yeyote. Tofauti yako na muuza madafu ni ujuzi tu: unajua kumshika mtu bila kumvunja mkono, na umezoea kutulia palipo na kelele. Kwa polisi aliye likizoni hali ni nyingine, kwa maana yeye hubaki na mamlaka yake na anaweza kuhesabiwa kuwa kazini pale hali inapomtaka atende kama polisi. Mwanajeshi aliye likizoni hayuko hivyo. Katiba, katika ibara ya 241, imeweka masharti ya jinsi Jeshi la Ulinzi linavyoingia katika mambo ya ndani, na askari mmoja mmoja hawezi kujituma mwenyewe akiwa kwenye matatu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe umelitaja kwa nusu sentensi na mimi naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote: watu walikuwa wameanza kujaa.

Umekulia Likoni, kwa hiyo huna haja ya kuelezwa kinachofuata neno "mwizi" likishapigiwa kelele asubuhi watu wanapokimbilia kazini. Umati hukaa kwanza katika duara, kila mmoja akitazama nani ataanza. Mtu wa kwanza asiye polisi anapoweka mkono wake juu ya mshukiwa, hata kama nia yake ni kumsaidia askari kufunga pingu, wale wa nyuma huona kitendo kimoja tu, yaani kwamba sasa imeruhusiwa. Teke la kwanza hutokea nyuma ya mgongo wako, la pili hujalijua limetoka kwa nani, na kabla ya dakika mbili kwisha afande aliyekuwa na mshukiwa mmoja anayejitahidi kutoroka anajikuta na mshukiwa anayehitaji kuokolewa maisha. Na iwapo kijana atakufa, wapelelezi wataanza kutafuta nani alimgusa, nawe uliyevaa buti za kampuni utakuwa rahisi kukumbukwa kuliko wote. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba watu wanaoungana kwa nia moja katika jambo lisilo halali huhesabiwa kila mmoja kuwa ametenda kosa lililotokana na nia hiyo. Utaweza kujitetea kwamba nia yako ilikuwa tofauti, lakini utajitetea ukiwa kizimbani.

Kwa sababu hiyo, msaada ambao mlinzi aliyetoka zamu anaweza kuutoa kwa thamani kubwa na kwa hatari ndogo mara nyingi si wa kumshika mshukiwa. Ni kumpa askari mgongo na kuwatazama watu. Simama hatua mbili au tatu kutoka pale wanapopambana, nyoosha mikono viganja vikiwa wazi, na useme kwa sauti ya kazi, si ya ugomvi: "Ameshashikwa. Afande anaye. Rudini nyuma, tupeni nafasi." Mchague mtu mmoja kwa kumwonyesha, "wewe mwenye shati la kijani, piga 999 sasa hivi", kwa kuwa ukiwaambia watu wote wapige simu hakuna atakayepiga. Mwingine mtume kwa askari walio karibu. Pale feri hawakosekani. Kazi hii haina sifa, na shemeji yako akiiona kwa mbali atadhani umesimama tu, lakini afande atakuwa amepata kitu alichokikosa kuliko nguvu ya mikono, ambacho ni uhakika kwamba hakuna mtu anayemjia kwa nyuma.

Kuna hatari ya pili ambayo mwenzako hakuitaja alipokuvuta mkono, nayo ni ya kudhaniwa kuwa wewe ni mhalifu. Polisi wanaofika kusaidia hufika wakiwa wamesikia kwenye redio kwamba mwenzao anashambuliwa. Wanaona mtu mmoja mwenye sare, mmoja asiye na sare chini, na mwingine asiye na sare aliyeinama na kitu mkononi. Wana sekunde chache za kuamua wewe ni wa upande upi. Mwezi Novemba 2018, katika mji mdogo wa Robbins jimboni Illinois, mlinzi wa baa alikuwa amemdhibiti chini mtu aliyeshukiwa kufyatua risasi ndani ya baa hiyo. Polisi aliyefika kutoka mji jirani alimpiga risasi mlinzi akamuua, huku mashahidi wakisema walikuwa wakipiga kelele kwamba ni mlinzi. Mwezi Juni 2021, huko Arvada jimboni Colorado, raia mmoja mwenye bastola alimpiga risasi mtu aliyekuwa amemuua polisi muda mfupi kabla, kisha akaiokota bunduki ya yule muuaji. Polisi aliyetokea wakati huo alimwona na bunduki mkononi, akamuua yeye. Wa kwanza alikuwa kazini na wa pili alikuwa mpita njia, lakini kosa lilikuwa lilelile: waliokuja hawakuweza kumtambua msaidizi.

Tusiwaachie Wamarekani jambo hili. Siku ya shambulio la Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, 21 Septemba 2013, miongoni mwa walioingia mapema kabisa kuwatoa watu ndani ya jengo lile walikuwamo polisi waliovaa kiraia na raia wenye bastola za leseni, na wapo watu walio hai leo kwa sababu yao. Shambulio lile liliua watu 67. Lakini baadaye siku ileile, vikosi viwili vya serikali, vyote vikiwa na mafunzo na sare, vilirushiana risasi kwa kutotambuana, na kamanda wa kikosi maalumu cha polisi akafa. Ikiwa watu wenye redio na makamanda waliweza kukoseana namna hiyo, wewe mwenye sweta juu ya shati la kazi huna sababu ya kutarajia kwamba utatambuliwa kwa sura.

Rungu lako, basi, libaki ndani ya mkoba. Najua unalijua vizuri kuliko pingu, na najua mkono wa mtu aliyelinda usiku kucha hulitafuta wenyewe. Lakini askari wanaokuja mbio wataona rungu kabla hawajaona nia, na umati utaona rungu na kuchukua mawe. Isitoshe, nguvu unayoruhusiwa kuitumia ni ile tu inayohitajika kwa jambo lililo mbele yako. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaruhusu kutumia njia zinazohitajika kumkamata anayekataa kukamatwa, na papo hapo kinaonya kwamba hakihalalishi nguvu iliyozidi kiasi. Kijana asiye na silaha aliyeshikwa na mtu mmoja, akiongezewa mtu wa pili mwenye mikono mitupu, kwa kawaida anadhibitiwa. Pigo la rungu kichwani kwa ajili ya simu ni jambo ambalo hakuna wakili atakayefurahia kukutetea.

Na endapo afande atakuomba umshike mshukiwa? Usimfikie kutoka nyuma, kwa maana mtu anayepambana huhesabu kila mguso wa nyuma kuwa ni wa adui. Zunguka mpaka akuone uso, onyesha viganja, sema maneno machache: "Afande, mimi ni mlinzi. Nishike wapi?" Kisha fanya alichosema na hicho tu. Akikuambia mguu, shika mguu. Akikuambia mkono wa kulia, shika kifundo na kiwiko cha mkono huo, uache wa kushoto kwake. Usikae juu ya mgongo wa mtu aliyelala kifudifudi na usimkabe shingo, hata kama bado anafurukuta, kwani mtu aliyebanwa kifua hufurukuta pia kwa kukosa pumzi, na waliomlalia hudhani anaongeza ukaidi. Pingu zikishafungwa, msaidieni alale ubavu au akae. Usiiguse silaha ya afande kwa hali yoyote ile; ikidondoka, mwambie palepale kwa sauti kwamba imedondoka, na uzuie wengine wasiisogelee. Mtu akishakuwa ndani ya pingu na wenzake afande wameanza kufika, kazi yako imekwisha. Rudi nyuma, mikono ionekane, subiri uambiwe. Watu wengi huharibu msaada mzuri kwa kuendelea kuutoa.

Hapo yako mambo mawili yanayobadilisha jibu langu lote. La kwanza ni silaha. Mshukiwa akiwa na kisu au bunduki, ushauri wangu ni kwamba usiingie, isipokuwa pale unapoona kwa macho yako kwamba afande atauawa kabla msaada mwingine haujafika, na hapo hakuna mtaalamu wa kukuamulia. Mwaka 2017, katika shambulio la London Bridge, konstebo mmoja aliyekuwa nje ya zamu, akitoka kujiburudisha na marafiki, alikimbilia kuwasaidia wenzake bila fulana ya kinga wala kirungu; alichomwa visu mara kadhaa, akapona, na mwaka uliofuata akatunukiwa Medali ya George. Namheshimu sana. Lakini alikuwa polisi aliyefunzwa, na hata yeye alinusurika kwa shida.

La pili ni gumu zaidi kulisema, nalo ni pale unaposhindwa kujua kama unayemwona ni polisi kweli, au ni polisi anayefanya kazi ya polisi. Kifungu cha 42 kinahusu mtu ambaye afisa ana mamlaka ya kumkamata, na ombi lenye sababu ya maana. Hakikulazimishi kumsaidia mtu aliyevaa kiraia, asiyeonyesha kitambulisho, anayemsukuma kijana ndani ya gari lisilo na nambari. Na tangu maandamano ya mwaka 2024 Wakenya wana sababu nzuri ya kuuliza kabla ya kusaidia. Afisa mwenye sare anatakiwa na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi kubandika jina lake au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi. Isome. Vilevile kifungu cha 42 hakikulazimishi kumshika mikono mtu aliyekwisha kufungwa pingu ili afisa ampige. Hapo anayehitaji msaada amekwisha kubadilika, na msaada wake ni shahidi: simama mbali, angalia saa, kumbuka nambari ya afisa na ya gari, na upeleke habari kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Usijaribu kumwokoa mtu kutoka mikononi mwa polisi kwa nguvu, kwa sababu utakuwa umehama kutoka kwa shahidi hadi kwa mshtakiwa.

Swali lako la gharama nalijibu bila kulipamba. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, humfidia mfanyakazi aliyeumia kutokana na kazi yake na akiwa ndani ya kazi hiyo. Mlinzi wa Shimanzi aliyeumia akimsaidia polisi feri, akiwa ametoka zamu na anarudi nyumbani kwa nauli yake, hayumo, na kampuni yake ya bima itakataa madai hayo bila kupepesa macho. Upo upenyo mmoja mdogo: sheria hiyo huhesabu safari ya kwenda au kutoka kazini kuwa sehemu ya kazi pale mfanyakazi anaposafirishwa kwa gari la mwajiri lililotengwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo mlinzi aliye ndani ya pikapu ya kampuni yuko mahali tofauti kidogo. Lakini akishashuka kwa hiari yake kwenda kwenye vurugu, mawakili wa bima wataishikilia hatua hiyo ya kushuka.

Sheria, hata hivyo, haijakuacha mtupu. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kinaliweka kosa la kumshambulia polisi aliye kazini pamoja na kosa la kumshambulia mtu yeyote anayemsaidia polisi huyo, na adhabu yake inaweza kufika miaka mitano. Mshukiwa akikuuma mkono ukiwa unamsaidia afande, hilo linabeba uzito zaidi ya ugomvi wa barabarani. Mahakama ikimtia hatiani inaweza pia kuamuru akulipe fidia, ingawa mtu aliyepora simu ya shilingi elfu kumi kwa kawaida hana cha kukulipa. Hospitali haiwezi kukunyima matibabu ya dharura, kwa kuwa ibara ya 43 ya Katiba imekataza, lakini kutokunyimwa si sawa na kutolipishwa, na kwa hiyo hakikisha michango yako ya bima ya afya ya SHA iko sawa. Ukiumia, usiondoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, inayosema kwamba uliumia ukimsaidia afisa fulani aliyekuomba, na bila fomu ya P3 ya kupeleka kwa daktari. Maneno "aliyekuomba" yasiachwe. Ndiyo yatakayotofautisha kati yako na mtu aliyejiingiza, na siku ya kwanza, afande akiwa bado ana shukrani, kuyaandikisha ni rahisi kuliko miezi sita baadaye akiwa amehamishiwa Garissa.

Kuhusu msimamizi wako, kampuni ina haki ya kukukataza kutumia sare na vifaa vyake nje ya zamu, na mimi ningeiunga mkono. Ukivaa shati lenye nembo yake ukampiga mtu, jina litakaloandikwa gazetini ni la kampuni. Vua shati la kazi bohari, au angalau liwe ndani ya mkoba badala ya kuwa chini ya sweta ambapo nusu ya kola inaonekana, kwani mtu anayeonekana nusu mlinzi huombwa msaada na wote na hutambuliwa na wachache. Lakini kampuni haina haki ya kukukataza kutii ombi halali la afisa wa polisi, wala kukukata mshahara kwa sababu ulichelewa zamu ukiandikisha taarifa. Mwombe msimamizi aliweke agizo lake katika maandishi. Mara nyingi agizo la namna hii likitakiwa kuandikwa hulainika, na kinachobaki ni kwamba rungu, kofia na beji visitoke nje ya geti, jambo ambalo ni jema.

Limebaki tukio lenyewe la feri, ambalo pengine bado halijakwisha. Kama mlichokiona wewe na mwenzako ni mvutano tu baina ya afande na kijana, ushahidi wenu una uzito mdogo na hamna haja ya kwenda popote. Kama mmoja wenu alimwona kijana akinyakua simu, au kama baadaye mmesikia kwamba afande yule aliumizwa, au kwamba kijana alipigwa na watu, nendeni wote wawili katika kituo cha polisi kilicho karibu na feri mkaandikishe mlichokiona na saa mliyokiona, bila kuongeza mlichosimuliwa. Mwenzako atakuambia kwamba kuandikisha ni kujitafutia safari za mahakamani, na kwa hilo hajakosea: kesi huahirishwa, na huenda mkaitwa zaidi ya mara moja. Mtakapoitwa, ombeni hati ya kuitwa shaurini iwe ya maandishi na mmpe msimamizi nakala yake kabla ya zamu kupangwa, kwa sababu mwenye hati hiyo analazimika kufika, na mwajiri hawezi kumhesabu kuwa amekosa kazi.